Pana au Bana

Sotik nzima ilimwita Fundi, na hakuna aliyeuliza fundi wa nini. Wa cherehani alikuwa fundi wa cherehani, wa baiskeli fundi wa baiskeli. Yeye alikuwa Fundi, basi. Kuziba pancha alijua, lakini aliziba kwa uso wa mtu mzima aliyetumwa dukani na mtoto. Kazi aliyoipenda ilikuwa kuchagua mpira. Miaka ile ya hamsini watu walibadilisha rimu za magari yao ovyo ovyo. Vita vilikuwa vimekwisha, magari ya jeshi yamechinjwa na kuuzwa vipande vipande, na mtu akiona rimu nzito za chuma anazifunga kwenye gari lake kama anavyomvika mtoto koti la kaka yake. Sasa rimu si ya gari, mpira wa zamani si wa rimu, na nambari zilizoandikwa ubavuni hazikusaidii tena. Hapo ndipo ulipomhitaji Fundi akuambie ununue mpira wa upana gani.

Mimi nilikuwa jirani yake. Nilikuwa na kibanda cha chai na mandazi, na ukuta wangu wa mbao ndio uliokuwa ukuta wake. Nilimsikia akipumua, akigombana na nati, akicheka peke yake. Nataka kumweleza kama nilivyomjua, na nitasema mapema usije ukanidhania mwema: mtu huyu mimi ndiye niliyemharibia jina, na nikanyamaza miaka saba. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, jamani.

Kupima kwake kulikuwa hivi. Rimu ikiletwa, aliilaza chini, akaifuta matope kwa gunia, akapachika kijiti chenye alama za kisu kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kwa ndani. Hapo alipaita mdomo wa rimu. Kisha aliuchukua mpira na kuupima tumbo. Kanuni yake alinifundisha hata mimi muuza mandazi: tumbo la mpira lipite mdomo wa rimu kwa vidole viwili, kimoja huku, kimoja kule. Likipita zaidi, mdomo unaubana mpira chini, tumbo linatokeza nje, na kwenye kona gari linayumba juu yake kama mlevi. Likipungua, mpira unavutwa na rimu pana mpaka mbavu zake zinakaa wazi, na jiwe dogo tu linaupasua.

“Mama Ncheri,” aliniambia, maana Njeri, mwanangu wa kwanza, hakuwahi kumtamka sawasawa, “hii rimu iko na mdomo. Mdomo kidogo ukipea tonge kubwa, itameza?”

“Haitameza, Fundi.”

“Itatapika. Sasa gari ikitapika mpira huko kwa mteremko, nani atapanguza?”

Alikuwa mrefu, mkavu, na masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa kama ya wazee wa kwao, lakini ndewe alizikunja juu ya sikio ili zisinaswe na spana. Ufundi aliutoa jeshini, mbali huko vitani, na hakuusimulia. Ukimuuliza habari za vita anakuambia habari za matope.

Ukaidi wake ulikuwa wa kutisha. Kuna Mzungu mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa aliyeletewa kwa meli rimu nne zinazong'aa, pana kuliko zile za gari lake. Akataka zivikwe mpira mpana kupita yote, kama alivyoona kwenye picha. Fundi alimwambia dereva akate usukani mpaka mwisho, kisha akaingiza vidole kati ya mpira na madigadi. Vidole havikuingia.

“Mwambie,” akamwambia dereva, “akikata kona, mpira inakula madigadi. Ikimaliza madigadi inakula yeye.”

Mzungu akasema hilo si shauri la Fundi. Fundi akauangusha ule mpira chini, akaukalia, akatoa ugoro wake. Alikaa hapo. Dereva akanywa chai kwangu, akarudia, akanywa ya tatu. Mzungu alizunguka gari lake, akapiga teke gurudumu, akaenda posta, akarudi, akamkuta Fundi palepale. Mwishoni akakubali mwembamba. Fundi akaufunga haraka na vizuri, na alipomaliza akautemea mate kidogo, kama wazee wa Kipsigis wanavyobariki kitu kipya. Mzungu akawa mwekundu mpaka shingoni. Dereva, aliyekuwa mwerevu, akamwambia kwamba mzee anaukagua kama unavuja.

Na bado mtu huyo aliyeyavika viatu magari ya wilaya mbili hakupanda gari. Hata siku moja! Kwao kulikuwa Kimulot, karibu na msitu, na alikwenda na kurudi kwa miguu kila mwisho wa juma, akipitwa na magari aliyoyahudumia mwenyewe. Wakimpigia honi apande, anawapungia waende. Nilimwuliza kama anaogopa. Akasema haogopi gari, anaogopa dereva kujisifu kwamba amembeba. Ndara zake alizikata mwenyewe kutoka mpira chakavu, na hapa nilimcheka mpaka machozi, maana ya kushoto ilikuwa pana kuliko ya kulia. Mtu wa vidole viwili, na miguuni ameshindwa! Akasema miguu haikati kona kwa kasi.

Sasa nifike kwenye ulimi wake, maana ndipo tulipoangukia.

Kwa watu wa kwao b na p ni ndugu wa tumbo moja. Anaweza kukuambia “pahati” akimaanisha bahati, na “bole” akimaanisha pole, na hasikii tofauti. Nisicheke sana. Sisi tuliotoka upande wa Nyeri tuna yetu. Lori kwetu ni rori, na kulala kunaweza kuwa kurara. Fundi hakuniachia. Kila lori lilipoharibika mbele ya vibanda vyetu alipiga kelele ukutani: “Mama Ncheri! Rori imerara!” Nami ninamjibu, “Bole, Fundi!” Tulicheka hivyo miaka, na wateja walitudhania ndugu.

Lakini kazini Fundi alikuwa na hukumu zake mbili, na zote zilikuwa neno moja moja. Rimu ikiwa na mdomo mkubwa, alisema pana: nunua mpira mpana. Ikiwa na mdomo mdogo, alisema bana: rimu inabana, nunua mwembamba. Sasa, mdomoni mwake pana na bana zilitoka zimefanana kama mapacha. Wateja walikwisha kulizoea hilo. Hawakumsikiliza, walimtazama mikono. Kwa pana aliifungua mikono kama anayepima ng'ombe kifua. Kwa bana aliibana pamoja, kiganja kwa kiganja, kama anayesali. Hata Wagusii waliovuka kuja sokoni walijua: Fundi wa Sotik usimsikie, mwangalie.

Mume wangu, Baba Njeri, alikuwa na pikapu ya kubebea mizigo, na njia aliyoililia ilikuwa ya Kimulot, ambako mvua ikinyesha barabara inageuka uji. Alipata rimu nne za jeshi na akaota mpira mpana. Aliuzungumza mezani, aliuzungumza kitandani. Akaziacha kwa Fundi zipimwe, ili aende Nakuru kununua mpira na kufungiwa hukohuko.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Mkikuyu hakutoka bila barua ya ruhusa, na ya mume wangu ilikuwa ya siku mbili tu. Asubuhi hiyo alikuwa amepanga foleni ofisini kuingoja, na pikapu ameiacha mbele ya kibanda changu. Fundi alizipakia rimu yeye mwenyewe. Alikuwa na haraka, kuna mazishi Kaplong na alikuwa anakwenda, kwa miguu kama kawaida. Mimi nilikuwa nimeinamia karai, mafuta yamechemka, mandazi yanataka kugeuzwa. Nikamsikia nyuma yangu:

“Mama Ncheri! Mwambie bwana yako: bana!”

Nikajibu, “Haya, Fundi, nimesikia!” Sikugeuka.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na si kubwa. Nani hajawahi kujibu bila kugeuka? Mume wangu alipotoka mbio na barua yake akauliza, “Amesema nini?” Nami niliyekuwa nimesikia habari za mpira mpana mwezi mzima, nikamwambia, “Amesema pana.” Uso wake ukang'aa kama wa mtoto. Nilifurahi kumpa furaha ile.

Nakuru, muuza mpira alimwuliza mara mbili kama ana hakika. Akajibu kwamba fundi wake amesema. Jina la Fundi lilifika mpaka huko, kwa hiyo wakafunga. Siku ya pili akirudi na mzigo wa sukari na mabati, amepita Kericho, mvua inanyesha kwenye majani ya chai, kwenye mteremko wenye kona mpira wa mbele ukalala ubavu na kutoka kwenye rimu. Pikapu ikabingirika. Alikuwa peke yake, ashukuriwe Mungu. Lakini goti la kulia lilipondeka, na hospitalini Kaplong walimwambia mapema, kwa upole, kwamba litapona na halitakunjika tena.

Nilikaa kando ya kitanda chake siku nyingi. Sikuhitaji fundi wa kunieleza. Niliposikia tumbo la mpira lilikuwa limetokeza nje ya rimu kila upande, nikajua alikuwa amesema bana.

Wazee waliitisha kikao nyuma ya duka moja sokoni, wazee wetu na wa kwao Fundi pamoja. Hakukuwa na ugomvi, watu walikaa kwa adabu na wakanywa chai yangu. Mume wangu alikaa kwenye kiti, mguu mbele. Fundi akasema, “Mimi nilisema bana.” Mzee mmoja akacheka kidogo, akasema hilo halisaidii, kwa maana hata angesema pana tungesikia hivyohivyo. Kicheko kikazunguka. Ndipo mzee akanigeukia mimi.

“Mama, tuambie. Mikono yake ilikuwa namna gani?”

Jamani. Neno moja tu lingetosha: sikuangalia. Nilimwangalia mume wangu na lile goti. Nikawaza atakavyoniangalia miaka yote ijayo, kila atakapopanda ngazi. Nikawaza watu watakavyosema, kwamba mwanamke amemvunja mumewe kwa sababu ya mandazi. Nikaogopa.

“Aliifungua,” nikasema.

Fundi hakubisha. Aliitazama mikono yake, kwanza huu, halafu huu. Akasema, “Kama Mama Ncheri aliona, basi aliona.” Kikao kikaisha. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, lakini mdomo ulikuwa wangu na kichwa kilikuwa cha mwingine.

Sikieni alichofanya. Tangu juma lile mpaka mume wangu aliposimama kwa fimbo, kila alipotoka Kimulot alileta kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kuganda yenye majivu, akamwekea mlangoni. “Ya kutia nguvu kwa mfupa,” alisema. Mume wangu alikunywa na kumsifu, akisema mtu kukosea ni kawaida, kuteleza si kuanguka. Mimi pia nilimiminiwa kikombe. Nilikunywa. Ningekataa vipi?

Wateja hawakuondoka siku moja. Walimkwepa kwa heshima, wakisema wana safari ya Kericho hata hivyo, watapimiwa huko. Waliobaki walichoshwa na yeye mwenyewe, kwa sababu alikuwa amebadilika. Alipima mara tatu. Alishika mikono juu na kumwuliza mteja, “Unaona nini? Sema.” Mteja akisema, anauliza tena. Akachukua chaki akawa anachora kwenye rimu, kisha anafuta, kisha anachora. Ukutani kwangu sikusikia tena habari ya rori kurara. Nilimpigia kelele mwenyewe siku moja, “Fundi! Rori imerara!” Akajibu kwa sauti ndogo, “Pole, Mama,” na akalitamka sawasawa kabisa, kwa taabu, herufi kwa herufi. Niliingia ndani nikalia.

Mwaka uliofuata akafunga kibanda akaenda kwao. Kikakodishwa na muuza chumvi.

Nami niliishi. Msinifikirie nilikonda. Nilizaa wengine wawili, nikaongeza meza kibandani, nikacheka na watu. Uongo haukunizuia kula. Ila ulinizuia kumtaja, na watu walipomtaja nilipata kazi ya kufanya jikoni.

Ilipokaribia kwisha ile miaka ya hamsini, mama mmoja wa Kimulot aliyeniletea maziwa alikuwa akipiga porojo za kwao. Akasema kuna mzee jirani yao, zamani alikuwa fundi mkubwa, sasa hata kufunga ndama kamba hafungi bila kuita mtu aje ahakikishe fundo. “Anasema mikono yake inamdanganya,” akasema, na akacheka, si kwa ubaya. “Mkewe amechoka kuitwa.”

Nililala na neno hilo siku tatu. Nilikuwa nimedhani nilimnyang'anya wateja. Sikujua nilimnyang'anya mikono.

Asubuhi ya nne nilimwambia mume wangu ukweli wote mlangoni, kikapu mkononi, ili asipate muda wa kunijibu. Aliegemea fimbo yake, akalitazama lile goti. Kisha akasema, “Nenda ukamwambie mwenyewe.” Niliporudi tulizungumza, lakini hayo ni yetu.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, mchana, jua limetoka baada ya mvua. Majirani wawili watatu walikuwa wamepanda chai yao wenyewe, jambo jipya siku zile, na alikuwa anaitazama ile mistari ya kijani kama anayeipima. Alikuwa amezeeka. Ndewe alikuwa ameziachia zikaning'inia, hakukuwa na spana ya kuzinasa.

“Chamgei,” nikamwamkia kwa lugha yake.

“Chamgei mising, Mama Ncheri. Bwana yako? Mguu?”

“Anatembea, Mzee. Anakusalimia.”

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakanitoka. Nikapiga magoti kwenye nyasi zenye maji, nikasema, “Fundi, siku ile sikuona mikono yako. Nilikuwa nageuza mandazi. Sikugeuka. Wazee waliponiuliza, nilidanganya.”

Kuku walipita kati yetu. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Nilingoja aniulize kwa nini, na nilikuwa na majibu. Hakufanya lolote kati ya hayo.

“Hukuona?” akasema.

“Sikuona.”

“Kwa hivyo pengine nilibana.”

“Ulibana, Fundi. Wewe hujawahi kukosea. Nilijua tangu hospitalini.”

Alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo, halafu uso wake ukakunjika na machozi yakamtoka, mzee mzima, bila aibu. Nami nikalia, nikimwomba msamaha, nikirudia rudia. Sijui kama alinisikia. Alikuwa amegeukia nyumba, akimwita mkewe kwa sauti kubwa niliyokuwa sijaisikia miaka mingi. Mama akatoka anapangusa mikono, akidhani anaitwa kuangalia fundo la ndama.

“Mwambie,” Fundi akaniambia. “Sema kama umesema.”

Nikamwambia mkewe. Mama yule alinitazama kwa muda mrefu, na macho yake sitayasahau, hayakuwa ya msamaha. Lakini alikaa chini kando ya mumewe.

Akaja mwanawe mkubwa kutoka malishoni. “Mwambie na huyu.” Nikamwambia. Akaja jirani mwenye chai, akaitwa kwa mkono kutoka shambani, akasimama na kikapu chake mgongoni. Nikamwambia. Watu wakaanza kukusanyika uani, wanawake, mzee mmoja kipofu aliyeongozwa kwa fimbo, na kila aliyefika Fundi alimpa kigoda kwanza, akangoja atulie, kisha akanigeukia. Sauti ilikuwa imenikauka. Mkewe akaniletea maji. Nilitaka kwenda, safari ilikuwa ndefu na jua linashuka. Pale njiani akatokea mtu na punda wake, mpitaji tu, ambaye hakumjua yeyote kati yetu.

“Ngojea, ndugu!” Fundi akampigia kelele, na alikuwa amesimama. “Kuja hapa kidogo. Iko mama mmoja hapa anataka kukwambia maneno.”

Yule mtu akafunga punda wake kwenye ua, akaja akaketi. Nami nikaanza tena.